Serikali inanunua magari makuukuu? Swali la mwenye Hiace wa Ngamiani

SWALI

Mshauri, assalaam alaykum.

Nina Toyota Hiace ya zamani, kipanya, injini yake 3L ya dizeli. Niliinunua Dar es Salaam mwaka 2014. Imebeba abiria wa Kange na Raskazone miaka mingi, mwaka juzi nikaitoa kwenye ruti. Siku hizi msimu ukifika inateremsha machungwa kutoka Muheza, msimu ukiisha inakaa uani hapa Ngamiani. Asubuhi inawaka bila matata, oili haipungui wala maji, ila ikipanda mlima na mzigo inatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma wanafunga vioo. Bodi ina kutu, hasa chini ya mlango wa kuvuta.

Shemeji yangu amenirushia ujumbe wa WhatsApp unaosema serikali imeanza mpango wa kuondoa barabarani magari yaliyozidi miaka 20, na kila mwenye gari atapewa Sh 9,000,000 za kuanzia kununua jingine. Unatakiwa kutuma Sh 85,000 za usajili kwenye namba ya simu iliyoandikwa hapo, pamoja na picha ya kadi ya gari na kitambulisho cha NIDA. Mwisho tarehe 30. Nilipotia shaka, shemeji akaniambia Marekani walifanya hivyohivyo, na video za magari yakisagwa ameziona kwa macho yake.

Nje ya hapo nina njia tatu. Yadi moja Dar inaichukua kwa Sh 7,000,000 nikichukua Noah yao ya Sh 24,000,000, yaani niongeze 17,000,000. Mnunuzi wa skrepa amekuja akaitazama tu akasema Sh 1,200,000, anaibeba na winchi leo. Fundi wangu ananishauri tuikate tuuze spea, na injini anataka kuinunua yeye. Mama watoto naye kachoka kuiona uani.

Jambo jingine: kadi bado ina jina la mzee aliyeniuzia. Tuliandikiana karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa, basi.

Nianze na lipi?

Mwenye Kipanya, Ngamiani, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam ndugu yangu. Hiyo Sh 85,000 usiitume, na picha ya kadi usiitume hata kwa kujaribu. Kama shemeji ameshatuma yake, apige simu leo kwa kampuni yake ya mtandao aombe muamala uzuiwe, ujumbe wenyewe aupeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, kisha aende polisi na maandishi yote. Halafu apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Picha ya NIDA ikishatoka mkononi mwako hujui itatumika wapi.

Kadi nayo ina namba ya chesisi na namba ya injini. Kwa picha hiyo mtu anaweza kutengeneza mkataba bandia wa mauziano, au kuzivisha namba zako gari la wizi la aina hiyohiyo. Siku litakapokamatwa Segera, anayetafutwa ni mwenye jina kwenye kadi, na kwa hali ya kadi yako ni yule mzee wa watu.

Sasa, shemeji hakukosea kuhusu Marekani, na ni vizuri mjue mpango ule ulivyokwenda, kwa sababu mkiujua hamtadanganyika tena na ujumbe wa aina hii. Ulikuwa mwaka 2009. Rais Obama alitia saini sheria mwezi Juni, mpango ukafunguliwa rasmi mwishoni mwa Julai. Bunge lao lilitenga dola bilioni 1, zikaisha ndani ya siku chache, wakaongeza bilioni 2. Tarehe 24 Agosti ukafungwa, magari takriban 677,000 yakiwa yameondolewa. Ulidumu kama mwezi mmoja tu, na umekwisha miaka mingi.

Masharti yake yalibana. Gari lilitakiwa liwe chini ya miaka 25, liwe linatembea, na liwe limesajiliwa na kukatiwa bima kwa jina la mwenye kulileta mwaka mzima mfululizo. Lilitakiwa pia liwe mlafi wa mafuta: lisiende zaidi ya maili 18 kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 7 na nusu kwa lita. Jipya unalochukua lisizidi bei ya dola 45,000, na kwa gari dogo liende walau maili 22 kwa galoni. Tofauti kati ya kuukuu na jipya ikifika maili 4, unapunguziwa dola 3,500. Ikifika 10, dola 4,500.

Angalieni hiyo pesa ilikopita. Mwenye gari hakupewa taslimu. Muuzaji wa magari ndiye aliyeipunguza kwenye bei ya gari jipya, kisha akaidai serikalini, na wengi walilalamika kwamba serikali ilichelewa kuwarudishia. Mteja hakutozwa ada ya kushiriki. Sheria ilimkataza muuzaji kumtoza. Ujerumani mwaka huohuo walitoa yuro 2,500 kwa gari lenye miaka 9 au zaidi, na kule mwombaji alitakiwa kuonyesha hati kwamba gari la zamani limeshaharibiwa. Uingereza ilikuwa pauni 2,000, nusu ya serikali na nusu ya kiwanda. India tangu 2021 anayepeleka gari kwenye kituo cha kuvunja hupata hati inayompa nafuu ya kodi ya barabara akisajili jipya, hadi 25% kwa gari binafsi na 15% kwa la biashara. Karibu zaidi na hali yako ni Afrika Kusini: kuanzia 2006 wenye daladala chakavu walilipwa randi 50,000 kwa kila gari lililopelekwa kusagwa, na mlengwa alikuwa mwenye leseni halali ya usafirishaji. Popote pale gari lilitolewa kwanza, malipo au nafuu ikafuata. Anayeomba pesa kabla hajaliona hata gari lenyewe hana mpango wowote.

Hapa kwetu serikali imeshika njia nyingine: badala ya kumlipa mwenye gari kuukuu, inamtoza anayeliingiza. Gari dogo la abiria lenye miaka 8 hadi 10 tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa bidhaa wa uchakavu wa 15%, na likizidi miaka 10 ni 30%. Mpango wa kulipa wenye magari ungehitaji fedha za umma, na fedha za umma zinapita bungeni Dodoma. Ungeusikia kwenye hotuba ya bajeti mwezi Juni na kuukuta kwenye Sheria ya Fedha inayoanza tarehe 1 Julai. Na malipo yoyote ya kweli unayoilipa serikali yanakwenda kwa kontrolo namba. Ukiiingiza kwenye simu inakuonyesha jina la taasisi kabla hujabonyeza kukubali. Ikitokea jina la mtu, acha hapohapo.

Kuna jambo moja kwenye video za shemeji ambalo ndilo ufunguo wa swali lako lote. Wamarekani hawakuanza na kusaga bodi. Walianza na kuua injini. Oili ilimwagwa, pahala pake wakatia kama lita 2 kasoro za sodiamu silikati iliyochanganywa na maji, kimiminika kizito kama gundi. Injini ikawashwa na kushikiliwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Joto likakausha maji, silikati ikabaki ngumu mfano wa kioo katikati ya krenki na metali, yaani beringi zake, na injini ikajifunga. Walifanya hivyo ili isiuzwe tena na kwenda kuchoma mafuta kwingine. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: Ujerumani, ambako injini haikuuawa hivyo, ilibainika kwamba baadhi ya magari yaliyokwisha lipiwa kuharibiwa yalikuwa yakisafirishwa kuuzwa Afrika na Ulaya Mashariki.

Kwa hiyo pesa ile ilikuwa fidia ya kukubali injini yako ife. Aliyenufaika ni yule ambaye gari lake sokoni lilikuwa na thamani ndogo kuliko fidia. Wewe uko Tanga, una 3L inayowaka asubuhi bila matata na haili oili. Hiyo ndiyo mali yako. Mtu wa skrepa anaijua, yadi inaijua, na fundi wako ameshakwambia kwa mdomo wake kwamba anaitaka. Huenda ni mtu mwema na ushauri wake ukawa sahihi, ila mwenye kukushauri uikate asiwe ndiye mnunuzi wa kilichokatwa.

Anza na moshi. Kwa dalili ulizotaja, moshi mweusi unaotoka ukiwa na mzigo tu, huku oili na maji havipungui, kwa kawaida hauonyeshi injini iliyokufa. Ni mafuta mengi kuliko hewa, au mafuta yasiyonyunyizwa vizuri. Fungua chujio cha hewa kwanza. Kipanya kilichobeba machungwa kwenye barabara za vumbi huwa nacho kimeziba kama godoro. Badilisha, panda nacho Pongwe ukiwa na mzigo, utazame. Moshi ukibaki, toa nozeli zote 4, vile vinyunyizio vya dizeli, zipelekwe kwa fundi wa pampu za dizeli mwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzima inarusha ukungu na kukata papo hapo. Mbovu inadondosha matone au inarusha mstari mmoja kama bomba. Waulize kila moja imefunguka kwa msukumo gani, na wakuandikie. Ikiwa nozeli ni nzima ndipo uanze kuigusa pampu, na pampu isiguswe na mtu asiye na mashine, maana akishageuza skrubu ya mafuta kwa kubahatisha, moshi utapungua na nguvu ya gari itapungua pamoja nao, kisha atakwambia injini imechoka.

Baada ya hapo pima kama injini inapumua. Ikishapata moto, iache iungurume taratibu, ufungue kifuniko cha kutilia oili. Mvuke mwepesi si neno. Ikiwa inapiga pumzi nzito za mfululizo, kifuniko kinarukaruka ukikiweka juu bila kukifunga, basi ringi na silinda zimelika na bei ya injini inashuka sana. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji yanapungua kwenye rejeta, tazama gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Haya mawili kwa maelezo yako huna, alhamdulillahi, lakini yathibitishe mbele ya fundi asiye na haja na gari lako.

Kutu ndiyo itakayoamua kama liuzwe zima au vipande. Hewa ya bahari yetu haina huruma, na gari lililofanya ruti ya Raskazone miaka yote limekula chumvi kila siku. Kutu ya mlangoni unayoiona wewe ni ya macho tu, fundi wa bodi anaikata na kuiziba. Ingia chini. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi nyuma ya magurudumu ya mbele, pembeni chini ya mlango wa kuvuta, na pale springi za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinatoa sauti ya bubu na magamba yanadondoka. Pasipolia, sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama kwenye chesisi, hasa kwenye mashikio ya springi, usimuuzie mtu abebe roho za watu. Hilo ni la kukata. Isipozama, una gari la kuuza likiwa linatembea, na gari linalotembea, lenye moshi uliorekebishwa, mara nyingi huuzika vizuri zaidi kuliko ofa zote tatu ulizonazo.

Turudi kwenye yadi. Sh 7,000,000 inapendeza masikioni, ila hujaambiwa bei ya Noah kwa mtu asiye na gari la kubadilisha. Mtume ndugu mwingine, asitaje Hiace, aulize bei ya mwisho ya taslimu. Akiambiwa, tuseme, Sh 21,500,000, fanya hesabu: wewe unatakiwa kuongeza 17,000,000, kwa hiyo Hiace yako wameinunua kwa 4,500,000. Hizo nyingine zilipandishwa kwenye Noah kisha zikashushwa mbele yako. Ndiyo maana sheria ile ya Marekani ilimtaka muuzaji amwambie mteja makadirio ya thamani ya chuma cha gari lake, ili punguzo la serikali lisimezwe na maneno. Kwako hakuna sheria ya namna hiyo, kuna simu ya huyo ndugu. Ukikubaliana nao, mkataba utaje bei mbili mbalimbali, ya Noah na ya Hiace, utaje nani analipia uhamisho wa kadi zote mbili, na Hiace isiondoke mpaka kadi ya Noah iwe imesoma jina lako.

Mtu wa skrepa amekadiria kwa macho. Chuma kinanunuliwa kwa kilo, na Hiace ya aina yako ina uzito wa kama kilo 1,600 na zaidi ikiwa tupu, ndani yake mna viti, vioo, mipira na plastiki ambavyo yeye atavitoa. Muulize kilo anaichukua kwa shilingi ngapi, na lipimwe kwenye mizani mbele yako. Hata hivyo kumpa gari lenye injini nzima kwa bei ya chuma ni kumzawadia. Aitwe mwisho, abebe ganda. Na awe mwenye kibali cha biashara hiyo, akuandikie risiti.

Ikiwa bisibisi imezama na uamuzi ni kukata, usikate kabla ya kupita maduka matatu ya spea za magari yaliyotumika na kuandika daftarini bei ya kila kitu: injini na gia boksi, difu, pampu, stata, alteneta, rejeta, propela, milango, taa, kioo cha mbele, rimu na mipira. Jumlisha, kisha toa theluthi nzima, kwa sababu vipo vitakavyokaa mwaka bila mnunuzi na vipo vitakavyoharibika vikitolewa. Kinachobaki ndicho ukilinganishe na ofa nyingine.

Injini iuzwe ikiwa bado garini. Mnunuzi aje asubuhi kabla haijawashwa, ashike mwenyewe kama ni ya baridi, aiwashe, aisikilize. Ikishalala chini ni chuma kama chuma kingine, na bei inashuka hapohapo. Iuze kamili, pamoja na pampu, nozeli, stata, alteneta, mikono yake na nyaya zake. Na gia boksi iende nayo kama bei inakubali, maana anayenunua 3L mara nyingi anahitaji zote. Andikianeni mkataba wenye namba ya injini na nakala ya kadi, kwa kuwa atakayeifunga kwenye gari jingine atahitaji kubadilisha namba ya injini TRA na ataulizwa ilikotoka.

Siku ya kutoa, fungua betri kwanza, waya wa hasi utangulie. Mwaga oili ya injini kwenye ndoo. Ni kama lita 5 hadi 6, na ya gia boksi na difu weka kando. Wapo wanaoitaka oili chafu kwa kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Mfereji wa mtaani kwetu unaishia baharini, kwa hiyo usiielekeze huko. Betri usiivunje kutafuta risasi: risasi ni sumu kwa watoto wanaocheza uani, na asidi inaunguza. Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri mbovu. Injini na gia boksi ni mzigo wa kilo mia mbili na kitu, tafuteni cheni ya kunyanyulia ya tani 1 na nguzo ya chuma. Usikubali itundikwe kwenye tawi la mwembe. Wasomaji wenye magari ya petroli waongeze tahadhari moja ambayo dizeli yako haina haja nayo: masega ya kusafisha moshi yaliyomo kwenye ekzozi yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndicho kipande kidogo kinachotoweka gereji bila mwenye gari kujua. Yahesabiwe kabla gari halijaachwa.

Nimeliacha la kadi hadi hapa, lakini kwa utendaji ndilo la kwanza. Bila kadi yenye jina lako huwezi kuuza kihalali, yadi haitakamilisha mabadilishano, na hata kufuta usajili hutaweza wewe mwenyewe. Mtafute mzee sasa, angali hai na mna maelewano. Mkataba wa kwa mwenyekiti hautoshi. Andikianeni upya kwa wakili, ukitaja bei mliyouziana na tarehe ya 2014. Mnahitaji kadi halisi, TIN zenu nyote wawili, vitambulisho na picha ndogo. TRA mtalipa ada ya uhamisho Sh 50,000, kadi mpya Sh 10,000 na ushuru wa stempu 1% ya thamani. Gari likithaminiwa Sh 6,000,000, stempu ni Sh 60,000, jumla 120,000. Ikiwa mzee ametangulia mbele za haki, atakayetia saini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, siyo mtoto wake mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Warithi wengi hawajafungua mirathi kwa sababu hakukuwa na haja. Itabidi uwaombe kwa upole, pengine uchangie nauli na gharama za mahakamani, na itachukua miezi. Ndiyo maana nakuhimiza uanze na hili.

Kabla ya kwenda TRA, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia faini, tms.tpf.go.tz. Daladala iliyopita mikono ya madereva wengi huwa na faini za Sh 30,000 zilizolala, na mnunuzi makini ataziona kabla yako. Akitokea mtu wa kukudai rodi laisensi ya nyuma, mjue hajui kazi au anajua sana: ada ile ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa Sh 40 kwa lita. Leseni ya ruti ya LATRA, kama haijafungwa tangu ulipoitoa barabarani, ifunge.

Mama watoto mwombe wiki mbili tu za kupima moshi na kutu. Likiuzwa zima, hakikisha mnunuzi amehamisha kadi kabla hujampa vyote, kwa sababu kosa la mwaka 2014 litakurudia wewe safari hii ukiwa upande wa mzee. Likikatwa, kipande cha chesisi chenye namba usimwachie mtu wa skrepa kabla usajili haujafutwa. Andika barua TRA ya kuomba ufutwe, uambatanishe kadi halisi na vibao vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, na nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe.